Pikipiki ya Marehemu Tivi Inakunywa Maji

Salluit, mwezi wa nne, asubuhi theluji bado ni ngumu

Mdogo wangu Alasi,

Nakusalimu kabla sijakugombeza, maana ukishanuna hata salamu huzisikii. Hujambo? Macho yanasemaje? Na ule mguu? Mimi ni mzima, meno yaliyobaki bado yanatafuna ngozi, na wajukuu wanakula kama mbwa wa kuvuta sledi. Nawe Pasa, unayemsomea bibi yako barua hii, soma kila neno kama lilivyo. Usiruke makali. Nitamuuliza.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikata maneno. Watu waliotoka huko Ivujivik wameniambia unatangaza kanisani kwamba dada yako Qupanuk ni muongo, kwamba aliahidi kuja kabla barafu haijalegea, akuchukue mwende kuvua kwenye ziwa letu, na sasa amejificha ndani. Nani amejificha, mwanamke wewe? Najua macho yako yanazimika. Ulinieleza mwenyewe alivyosema daktari, kwamba mwaka ujao huenda ukalisikia ziwa tu bila kuliona, nami nikasema tutakwenda. Mimi nikisema nimesema. Tatizo ni pikipiki ya theluji ya marehemu mume wangu. Inakunywa maji.

Yale ya kijani, ya kupoza injini. Natia mpaka kwenye alama, naenda hadi mdomo wa ghuba, taa nyekundu inawaka. Nafungua, chupa nusu. Nikasema yanadondoka. Nikatandaza boksi chini ya injini, nikaliacha mpaka kesho yake, likawa kavu kama biskuti ya meli. Nikapapasa mipira yote ya kupitishia maji, nikakaza klipu zote mpaka vidole vikaota malengelenge. Kavu. Injini ikipata moto nasikia harufu tamu tamu, lakini nikiifuata kwa pua inanikimbia. Alasi, chakula kilinishinda. Sikuwa nawaza hata safari tena, nawaza maji tu. Kitu hakiwezi kwenda pasipo mahali! Yanakwenda wapi?

Jirani yangu Qalingo, ambaye pua yake huingia nyumba ya mtu kabla ya miguu, akaja na jibu. Akasema gasketi ya injini imeungua, maji yanaingia ndani na kuchomwa pamoja na petroli. Akasema ikiwa ni hivyo plagi itakuwa imeoshwa nyeupe, na injini ikiwaka viputo vitapanda kwenye chupa. Tukatoa plagi, zina rangi ya chai. Tukachungulia chupa, hakuna kiputo. Akajikuna kichwa, akasema basi ni uzee. Nikamuuliza uzee wa nani, wa injini au wangu? Akasema hilo halihitaji fundi. Nikamfukuza na kikombe changu mkononi mwake.

Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba ni pampu ya maji. Nilimwambia mwanangu Lukasi anitumie mpya kutoka mgodini anakofanya kazi, ikaja kwa ndege, na Qalingo huyo huyo akanisaidia kuifunga, maana hana aibu. Nilijisifu hadi dukani. Kisha nikaenda mdomo wa ghuba, na taa ikawaka palepale. Nilirudi polepole. Qalingo alikuwa barazani kwake akaniona, akageuza uso. Afadhali angecheka.

Akabaki mtu mmoja anayezijua mashine hizi, nawe unamjua: yule binti wa Elisapi, anayefanya kazi gereji ya kijiji. Unajua pia kwa nini sijawahi kumpelekea hata msumari. Alipozaliwa wakampa jina la Arnaituk, mama wa mume wangu Tivi, aliyekuwa amefariki mwaka ule, na kijiji kizima kikashangilia kwamba bibi amerudi. Tivi alimwita mama angali anabebwa mgongoni, akamletea ulimi wa kila paa wa theluji aliyemuua. Nami ilinipasa nimwite mama mkwe, kama anavyostahili mwenye jina. Sikumwita. Nilimwita wewe. Yule wa kwanza alinitosha. Umesahau alivyokuwa akifumua buti nilizoshona, uzi mmoja mmoja, mbele ya wageni, bila kusema neno, nami nimeshika birika?

Kwa hiyo usidhani nilikwenda gereji kwa unyenyekevu. Nilikwenda kwa ajili ya macho yako, na kwa kutaka kujua. Ningemuuliza hata shetani.

Akaja na tochi, pampu ya baiskeli yenye kipimo, na chupa ya maji ya sabuni. Hata hajafunga mlango wa banda, akaniambia, mkaza mwana, umechelewa kuniita, pikipiki yako inanukia hadi barabarani. Mkaza mwana! Msichana mwenye rangi kwenye kucha ananiita mke wa mwanawe, mimi mwenye wajukuu wenye ndevu! Qalingo, ambaye alikuwa ameshafika, akaziba mdomo kwa kofia. Nikamwonyesha pikipiki.

Binti akasema maji yakipoa hayana nguvu ya kutoka, yakipata moto ndipo yanasukuma. Maana yake boksi langu lilikuwa linalinda mlango ambao mwizi hapiti. Tukayamwaga yote kwenye ndoo, akaifunika haraka, maana ni matamu na mbwa akilamba anakufa. Akaunganisha pampu kwenye mpira wa juu, akajaza upepo kidogo kidogo, akisema ukizidisha utapasua na kizima. Akapaka sabuni kila kiungo. Hakuna povu. Lakini mshale wa kipimo ulikuwa unashuka, Alasi, nikiuona kwa macho yangu. Upepo unatoka, na hakuna anayejua wapi.

Tukailaza pikipiki ubavuni. Binti akaingiza kichwa kule chini ya kiti, kwenye lile bamba refu ambalo mkanda, ule unaozunguka badala ya gurudumu, unalirushia theluji ili maji yanayopita ndani yake yapoe. Akafumba macho, akazuia pumzi, akapitisha shavu la kushoto kando ya bamba, polepole.

Unajua ni nani aliyekuwa akifanya hivyo. Mama mkwe alikuwa akipuliza buti nililoshona mpaka livimbe, akalikunja shingo upepo usirudi, akapitisha shavu lile lile juu ya mishono, macho kafumba, mpaka alipate tundu moja la sindano nililokosea. Binti huyu hajawahi kushika ngozi wala sindano. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna, shavu linasikia kuliko kidole, kila mtu anajua. Si kweli. Mimi sikujua, na nimefumuliwa buti ngapi!

Akasema hapa. Akaniita niweke shavu langu nami nikauhisi, upepo mwembamba kama pumzi ya mtoto aliyelala. Kumbe maji yalikuwa yanatokea huko juu ya mkanda, tunayamwaga njia nzima na kuyaacha nyuma kwenye theluji. Nilitaka kucheza ngoma. Kisha akamulika, tukaona ncha ya skrubu imechungulia kwenye bamba.

Usiniulize ni ya nani. Haya, ni yangu. Vuli iliyopita nilifunga sanduku la samaki nyuma ya kiti kwa mkono wangu, kwa skrubu ndefu, kwa sababu fupi sikuziamini.

Nilisimama nikingoja kufumuliwa. Qalingo alishafungua mdomo. Binti akamwambia anahitaji taulo kavu, aende akalete kwake. Alipotoka, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sanduku limefungwa vizuri, halitikisiki hata kidogo, ila skrubu ingekuwa nusu yake. Basi. Qalingo aliporudi na taulo, skrubu ilikuwa mfukoni mwa binti, na mpaka leo anauliza tundu lilitokana na nini.

Akasugua pale kwa msasa, akafuta kwa spiriti, akaziba kwa gundi ya chuma ya kuchanganya, tukasogeza jiko karibu ikauke sawasawa. Tukinywa chai akaniuliza kama alikuwa mbaya sana kwangu. Alisema hivyo hivyo, nilikuwa mbaya sana kwako? Nikamwambia ndiyo, ulikuwa mbaya, lakini katika buti zile Tivi hakuwahi kulowa mguu. Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Akasema mtu huchoka kuogopwa.

Gundi ilipokauka akajaza upepo tena, na mshale ukatulia. Tukainua pua ya pikipiki juu ya kreti, tukatia maji taratibu hewa itoke, kwa sababu hewa ikibaki ndani injini inaungua huku chupa imejaa. Tukaenda mdomo wa ghuba, tukapita, tukaenda mbali zaidi. Taa haikuwaka. Tuliporudi, maji yako kwenye alama.

Sasa neno ambalo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kanisani. Siji peke yangu. Kule rasini barafu imekuwa uchi, haina theluji ya kupoza bamba, na mikono yangu haiwezi tena kukwepa kwepa kutafuta theluji iliyo laini. Yule binti ataendesha. Na ninamwita anavyostahili kuitwa. Mara ya kwanza ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Sasa inapita. Ukicheka tukifika, nitakuacha ufukweni.

Hali ya hewa ikitulia tunaondoka. Andaa nyuzi za kuvulia, na Pasa achemshe chai nyeusi, si yale maji yenu ya kuoshea vikombe. Wasalimie wote, hata yule mume wako. Mama mkwe wangu anakusalimu sana. Anasema usipande sledi nyuma na mizigo, utakaa mbele yake kwenye pikipiki, ili tukivuka kilima cha mwisho wewe ulione ziwa kabla yetu.

Dada yako,
Qupanuk