Ardhi Inapopumua

Sergy, 14 Juni

Babu Anselme,

Pokea salamu huko malishoni mlimani, wewe, goti lako na ng'ombe. Sisi wazima, ila nyumba imepoa bila kikohozi chako.

Mimi sasa mtu mzito: nakaza sumaku kwenye handaki la mduara, mita mia chini ya vitunguu vyetu. Humo vijichembe vidogo kuliko atomu vinakimbizwa makundi mawili, moja hivi, jingine vile, mpaka vigongane. Kishindo hicho huzaa vijichembe vipya, nao wataalamu huvitambua kwa nyayo na uzito wake. Shule niliikimbia, lakini bila spana yangu hawagundui hata kiroboto.

Bado umenuna? Pasaka nilicheka kidogo tu, uliposema mwezi huifanya ardhi ipumue. Wageni nao walicheka.

Mjukuu wako,
Cyrille

Malishoni, 2 Julai

Cyrille,

Salamu zimefika. Goti linauma, ng'ombe hawajambo. Wageni walicheka kwa kuwa ulianza wewe.

Kundi nimeliuza. Septemba nalishusha kijijini mara ya mwisho. Mbele, kando ya ng'ombe wa kengele kubwa, atatembea Lucien wa jirani. Nafasi yako imepata mtu.

Babu yako

Sergy, 11 Septemba

Babu yangu,

Shikamoo. Goti je? Barua tatu hukunijibu.

Kiangazi kizima nguvu ya vijichembe ilipanda na kushuka yenyewe, uzito ukasomeka ovyo. Wakakagua umeme, wakakagua hata spana yangu. Juzi mama mmoja mtaalamu akalinganisha vipimo na kalenda ya mwezi: vikaoana. Mwezi unaivuta ardhi, na mduara wa kilomita ishirini na saba unatanuka milimita moja, nayo nguvu ya vijichembe inabadilika. Nikamwambia, "Mama, babu yangu angekwambia bure." Hakucheka. Aliuliza unakaa wapi.

Nimekumbuka ulivyonilaza majanini utotoni, sikio chini, nikaapa nimesikia pumzi. Nilisikia kweli, Babu. Pasaka nilikucheka ili wageni wasijue kuwa nami naamini.

Niache nitembee mbele, kando ya ng'ombe wa kengele.

Cyrille wako

Malishoni, 20 Septemba

Cyrille,

Marahaba. Goti limegoma, nitahitaji bega lako. Tunashuka Jumamosi. Lucien nimempa nafasi ya nyuma, pamoja na mavi.

Fika mapema. Kabla ya kuondoka tutalala majanini kidogo. Sikio langu zima limebaki moja, nalo halisikii vizuri. Utaniambia wewe.

Babu