Sauti ya Makame Uani

Jumatatu, 7 Julai
Meneja hajala. Siku ya tatu. Wali na vichwa vya samaki vimebaki, sisimizi wamealikana.
Kaka yangu Makame alimleta mbwa huyu kutoka Nungwi alipostaafu ulinzi wa hoteli. Alimwita Meneja kwa sababu hukaa kivulini akitazama wengine wakifanya kazi. Mtaa ukanung'unika kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Makame akasema mbwa analala uani, malaika wana mlango wa mbele.
Sasa Makame yuko kaburini siku ya ishirini na mbili, na mbwa ni wangu. Sikumwomba. Naye hakuniomba.
Kila alasiri anaketi mbele ya mlango wa uani, anatazama juu kidogo, penye uso wa mtu. Hapana mtu. Sipendi.

Jumanne, 8 Julai
Hajala. Mbavu zinahesabika. Leo dukani nimetengeneza saa nne za wateja, zote zinakwenda. Kazi hii nilijifunza kwa kuzifungua. Mbwa hafunguliki.

Jumatano, 9 Julai
Nimefanya jambo la kijinga.
Makame alikuwa akikohoa mara mbili, anagonga sufuria, anaita: "Meneja, mezani bwana, wageni wanangoja." Tumezaliwa tumbo moja, koo ni lile lile. Nikakohoa, nikagonga, nikaita, na mkwaruzo wake nikautia.
Masikio yakasimama. Akaja mbio, akala yote. Kisha akanipita, akaenda kutafuta. Nyuma ya pipa. Chini ya ngazi. Mlangoni. Robo saa nzima.
Nilijiona mwizi.

Alhamisi, 10 Julai
Daktari wa mifugo kaja. Kamfunua mdomo, ufizi mweupe kama karatasi. Kupe, kasema, wameacha ugonjwa kwenye damu. Kidonge kimoja kila siku, siku ishirini na moja, ndani ya chakula.
"Asipokula?"
"Mtachimba," akasema, akafunga mkoba.
Mtu wa maneno machache. Nilimpenda.
Alasiri nikaita tena.

Jumapili, 13 Julai
Sauti inakuja rahisi mno. Nisipoitaka pia inakuja. Jana mteja kaniita dukani, nikaitika "Naam", na ilikuwa naam ya Makame. Mteja alimjua marehemu. Kaacha saa yake bila kuuliza bei.

Jumanne, 15 Julai
Leo baada ya kuita nikatazama juu. Dirisha la ghorofani wazi, vidole vimeshika nondo.
Mwanaisha, mjane wa Makame. Yuko eda, hatoki mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Siku zote hizi amekaa juu ya kichwa changu, na mie kila alasiri namsikilizisha mumewe.
Sikumfikiria. Nilimfikiria mbwa tu.

Jumatano, 16 Julai
Sikuita. Niliweka sahani kimya. Hakula. Kidonge kimeyeyuka kwenye wali.

Alhamisi, 17 Julai
Sikuita. Nikamfungua mdomo kwa nguvu, kidonge akakitema. Hasimami vizuri. Nnamwonea haya aliye juu, namuua aliye chini.

Ijumaa, 18 Julai
Alasiri, kutoka dirishani:
"Shemeji."
"Naam."
"Siku mbili hujamwita."
"Nisamehe, Mwanaisha. Sikujua unasikia."
"Siku ya mwanzo nilisikia, nikainuka nikatandika mkeka wa chakula kabla sijakumbuka. Nilikutukana sana."
"Haki yako."
"Mwite. Mbwa asife kwa haya zetu. Na hicho kikohozi chako kirefu. Mwenyewe alikuwa akikohoa kwa mkato."
Nikakohoa kwa mkato. Nikaita. Meneja akaja akiyumba, akala nusu. Kidonge kilikuwa kwenye nusu hiyo.
Daktari kasema kwa simu tuongeze siku mbili tulizoruka.

Jumamosi, 26 Julai
Ufizi umeanza kupata rangi. Bado anakwenda kutafuta, lakini kwa dakika chache.
Mwanaisha ananisahihisha kutoka juu. "Itie puani kidogo." "Sasa umezidisha, Makame si mbuzi." Mie natii. Fundi ni fundi.
Jana nilipomaliza kuita, nikasikia juu mtu akijibu polepole, "Nnakuja." Hakuwa akinijibu mie.
Usiku sikumwambia mtu. Sina wa kumwambia, ndiyo maana naandika.

Ijumaa, 1 Agosti
Kidonge cha mwisho. Kameza na wali bila kushtuka. Mkia umerudi kazini. Daktari kamtazama, kasema hatuchimbi.
Nilifurahi kuliko ninavyotaka kuandika.

Jumamosi, 2 Agosti
Leo nilitoka na sahani. Kabla sijakohoa, Meneja keshafika, pua kwenye mguu wangu.
Nikasema tu, "Haya, kula." Sauti yangu mwenyewe, ya kutengenezea saa. Akala. Hakwenda kutafuta. Akajinyoosha kivulini, akalala.
Nikasubiri.
"Shemeji, leo hujamwita?"
"Nimemwita. Kaja."
"Sikusikia."
Nikaketi kwenye ngazi na sahani tupu.
Adhana ya magharibi ilipoanza, dirisha lilikuwa bado wazi, vidole vimeshika nondo.