Hotipoti Iliyorudi na Maharage

Majaliwa, weka kikombe chini kwanza. Shemeji yako Ernesta sasa ni mhalifu wa biashara ya mtandaoni.

Unaikumbuka hotipoti aliyoagiza kwa Mansuri wa Kasulu baada ya kuiona Fesibuku? Mfuniko haukufunga. Tangazo lilisema: "Usiporidhika, rudisha ndani ya siku saba, upate pesa yako yote." Ahadi tamu kama asali.

Siku ya tano akaipakia kwenye basi. Lakini mama wa Kibondo arudishe chombo cha watu kikiwa kitupu? Aibu gani hiyo! Akaijaza maharage. Mapya, ameyachambua mwenyewe.

Mansuri kapiga simu sasa hivi.

"Mama, pesa hairudi. Hotipoti imetumika, imetiwa maharage."

Imetumika! Maharage makavu, Majaliwa! Imetumika!

"Mwanangu, hiyo ni heshima yako."

"Sharti letu, bidhaa irudi kama ilivyotoka dukani."

Msomi huyo! Pesa hiyo ndiyo ya kununua hotipoti nyingine kabla wakwe wa binti yetu Careen hawajafika Jumapili.

Kisha Ernesta akauliza, kwa upole kabisa: "Na maharage yangu yako wapi?"

"Mama... mke wangu ameshayabandika."

"Ameshayabandika?"

"Yanachemka."

"Haya, mwanangu. Sharti ni sharti. Nirudishie yakiwa kama yalivyotoka Kibondo."

Majaliwa, pesa imeingia nikiwa bado nakuandikia. Yote.