Pakiti ya Biskuti Chini ya Diski

Jumatatu, 3 Februari
Makasha manne ya diski za kompyuta leo. Kazi ni ile ile: futa vumbi, kata filamu ya eksirei, itandaze kati ya bodi ya diski na kasha la chuma, funga skrubu. Chuma kikigusa bodi, diski hupiga shoti na kufa. Anko Mutua huomba eksirei kuukuu kwa majirani. Leo nimekata kifua cha mtu nisiyemjua. Wateja wanaotoka Eastleigh wanapiga kelele dirishani, mimi nainamisha kichwa. Nimezoea. Hapana, sijazoea.

Jumanne, 4 Februari
Mama Akinyi, jirani yetu hapa Kaloleni, ameleta diski yenye video ya mazishi ya mumewe. Nakala ni hiyo moja tu. Anataka kasha gumu, watoto wasije wakaivunja. Anko akamwambia, "Huyu Mwende hata salamu zinamshinda, lakini mikono yake naiamini." Nilitamani kuingia chini ya meza.
Niliijaribu. Inasoma vizuri.

Alhamisi, 6 Februari
Eksirei zimeisha. Anko alikuwa ametoka. Nilichana pakiti ya biskuti, nikaitandaza chini ya bodi ya diski ya Mama Akinyi, ule upande unaong'aa juu. Niliona ni plastiki tu. Nikachomeka waya. Cheche moja. Harufu ya kuungua. Kimya.
Ule mng'ao ni chuma. Nimesoma fizikia miaka minne. Mjinga mimi.
Nilificha pakiti mfukoni. Anko aliporudi nilisema diski imekataa.

Ijumaa, 7 Februari
Anko amefunga bodi nyingine ya aina ile ile. Haisomi. Amehangaika hadi saa kumi, kisha akamwambia Mama Akinyi diski imezeeka.
"Basi ni mimi, fundi," akasema. "Mwaka mzima nimeiweka juu ya friji, ikitetemeshwa."
Amejilaumu mbele yangu. Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikaendelea kukaza skrubu. Najichukia.

Jumamosi, 8 Februari
Nimemwambia Anko. Hakupaza sauti. "Diski haikuwa yangu. Nenda umwambie mwenyewe." Afadhali angenigombeza.
Nilifika mlangoni kwa Mama Akinyi mara mbili. Mara mbili nikarudi.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya ibada nilimkuta akichambua kunde. Nilisema yote nikitazama sakafu. Aliweka kunde kando. Kisha akauliza kama niliona chochote nilipoijaribu.
Dakika chache tu, nikasema.
Yeye hakuwahi kuitazama. Alikuwa akingoja apate nguvu. Siku yenyewe ya mazishi haikumbuki.
"Nilikuwa nimesimama?"
Nikamwambia ndiyo. Alikuwa na kitambaa cha bluu, wanawake wawili wamemshika, lakini amesimama. Mvua ilikuwa ikinyesha. Kulikuwa na mtu nyuma yake, amemshikia mwavuli.
Akauliza ni nani.
Sikujua. Uso haukuonekana katika zile dakika chache.