Mnavu wa Nyuma ya Nyumba

Chamazi, Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na mvua huko Tukuyu zimeshika? Sisi tu wazima. Mjukuu wako Bupe amepona kabisa, anakula na kucheza, ila tangu jana ananinunia, na sababu utaiona huko chini.

Watoto wa mtaa wanakuulizia. Tunu wa jirani alikatazwa na mama yake kugusa majani ya porini, lakini juzi nilimwona kwenye mnavu wa pale uzioni kwao akichuma ncha tu, kama ulivyowafundisha, ili shina lichipue tena. Vitunda vibichi hakuvigusa.

Kaka Gervas alinipigia simu. Alisema tangu urudi huko kutoka kwangu huchumi tena mboga peke yako, na hata mnavu wa mlangoni kwako unamwita aje akuhakikishie, eti macho yamezeeka. Mama, nilikata simu bila kumuaga.

Jumapili ile Bupe na Tunu walipotapika baada ya kula mboga mlizochuma, Mama Tunu alisema mbele ya watu kwamba bibi amechanganya mnavu na jani la sumu. Nawe ukakubali. Ukamwomba radhi yeye, ukaniomba na mimi, mwanao, nikakujibu kwamba yameshapita. Kesho yake ukafunga mizigo.

Hukuchanganya kitu. Jioni ya Jumapili ile nilikuwa na wageni wa kazini, nikaona haya wakute uwanja umekuwa pori. Mlipokuwa kanisani nilipulizia dawa ya kuua magugu nyuma ya nyumba yote. Nilijua mnachuma pale. Nilijua pia utanisema, basi nikajiambia nitakueleza baadaye, nikaenda saluni. Mliporudi majani yalikuwa bado mabichi, ungejuaje? Hospitali nilimvuta daktari pembeni nikamweleza ukweli, ili watoto watibiwe. Wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi nje, nikapita mbele yako nimenyamaza.

Naona aibu, Mama. Jana nilikwenda kwa Mama Tunu nikamwambia yote. Alinitazama, akaomba namba yako. Bupe naye nimemwambia. Alisema mboga nitakazochuma mimi hatakula, atamsubiri bibi yake.

Sithubutu kukuomba msamaha leo. Nisalimie Kaka Gervas na wote wa nyumbani. Ukishasomewa barua hii, nakuomba kitu kimoja: chukua ungo wako ukachume mboga, wala usimwite mtu akuangalizie.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,
Lusungu