Kebo Kutoka Simba Hadi kwa Baba

Nyumbani kwa Baba,
Kamagambo, Rongo.

Jumapili, 24 Agosti 2025

Mpendwa ndugu yangu Gordon,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za huko Winnipeg? Mgongo wako unaendeleaje, na kazi za zamu bado zinakunyima usingizi? Sisi tunamshukuru Mungu. Nilitoka Homa Bay shule zilipofungwa, nikaja kukaa na Baba. Anakula vizuri na kulalamika vizuri pia. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye WhatsApp unanijibu kwa kidole gumba tu, na haya niliyo nayo hayajibiwi kwa kidole gumba.

Nianze na sikio. Tulirudi kwa daktari. La kushoto limekwisha kabisa. La kulia bado linasikia, lakini linafifia, na daktari hakunificha: mwaka ujao wakati kama huu huenda lisisikie kitu. Baba aliuliza jambo moja tu, kama zile kanda za kwaya ya Mama ulizoziweka kwenye mtandao zimeshafika.

Zilikuwa zimefika, ila kusikika ndiyo ilikuwa kazi. Mtandao uko kwenye simba yako, ile nyumba yako ya ujana kule langoni, ulikoufunga ulipokuja kumzika Mama. Kutoka hapo hadi nyumba ya Baba ni hatua sabini, na katikati kuna ghala la mabati. Mama alikuwa anaanza kuimba, anakatika. Anaanza tena, anakatika katikati ya neno. Unazikumbuka wiki zake za mwisho kwenye simu, jinsi pumzi ilivyokuwa ikimwishia. Siku ya tatu Baba akaniambia, "Zima, nyathina, zima mtoto wangu. Pumzi imemkatikia tena. Sitaki kumsikia akiteseka." Nikazima, nikaenda jikoni nikalia.

Halafu wewe ukasema kwenye simu kwamba Baba aende tu akakae kwenye simba yako asikilize huko. Gordon! Miaka tisa tu huko ng'ambo na umeshasahau? Baba mzazi aingie simba ya mwanawe, akae kwenye kiti chako, kitanda chako kikimtazama? Ni mzee wa kanisa na mengi ya zamani ameyaacha, lakini hilo hajaliacha. Nilipomfikishia ujumbe wako alicheka mpaka akakohoa, akaniagiza nikuambie kwamba Kanada imekuharibu. Basi ikabidi muziki umfuate yeye.

Sasa kebo ya kuuvuta mtandao hadi kwa Baba. Uliniandikia nitafute aina ya Cat 8, iliyo nene kuliko zote, eti ndiyo yenye sauti safi. Nikaipata Isebania, nene kama kidole, inang'aa. Nilijiona mjanja sana. Nikaipeleka kwa Nyangau, yule fundi wa Rongo anayetengeneza spika za makanisa yote ya huku. Akakata ncha, akachukua wembe, akakwaruza waya mmoja. Wekundu ukatoka wote, ndani mweupe.

"Madam, hii ni aluminiamu imepakwa shaba juu juu," akasema. "Na hata ingekuwa Cat 8 ya ukweli, hiyo ni ya vyumba vya kompyuta kubwa, haiendi mbali. Wimbo ni kitu kidogo. Chukua Cat 6, shaba tupu, ile ya kufukia chini."

Nilibishana naye, maana aliyeniagiza ni ndugu yangu aliyesoma. Hakukasirika. Alinipa wembe nikwaruze yake mwenyewe. Nilikwaruza kwa hasira, na ilikuwa nyekundu mpaka ndani. Kwa hiyo nisamehe, Cat 8 yako sasa ni kamba ya kuanikia nguo, na inafanya kazi hiyo vizuri sana.

Jumatano Nyangau alikuja, akachimba mtaro kutoka simba yako, akapitisha kebo ndani ya bomba ili jembe lisiikate. Baba alitoka na fimbo yake kuuliza tunazika nini. Nikamwambia hatuziki mtu, tunamleta Mama nyumbani. Alisimama pale pale mpaka udongo ukarudishwa wote.

Mchana huo aliegemeza sikio lake la kulia kwenye spika. Ule mwanzo wa kanda, ambao siku zote ulikuwa ukikatika, ukatoka mzima. Kabla ya wimbo, Mama anaita, "Gordon, ingia ndani ufunge mlango, tunaanza." Na sauti ndogo inajibu kutoka mbali, "Nakuja, Mama." Wewe uliyezihamisha kanda lazima uliisikia, na hukutuambia. Kisha Mama akavuta pumzi, nikaisikia akiivuta, akaimba ubeti mzima hadi mwisho. Baba akasema, "Amepona." Nilimshika mkono. Sijawahi kumpenda Baba kama siku ile.

Wimbo wenyewe siku hizi anausikiliza mara moja tu. Ule mwanzo anataka niurudie mara tano, mara sita. Na kila unaposema "Nakuja," anageuka kuangalia mlango.

Ndugu yangu, nimekukosa sana, na sitaki kukuzungushia maneno. Mama umeshamleta. Njoo Desemba, sikio likiwa bado lipo. Sauti yako haihitaji kebo.

Shangazi Zilpah anakusalimu na kuuliza utaoa lini. Jirani yetu Javan anakusalimu, ng'ombe wake amezaa. Nyangau pia anakusalimu, anasema usimchukie kwa ajili ya Cat 8. Mungu aliyekulinda kwenye baridi hiyo yote akulinde na njiani ukirudi.

Wako akupendaye,
dada yako Marion

Nimesahau kukuambia: simba yako nimeifagia leo. Ni Baba aliyeniagiza. Yeye mwenyewe alisimama nje, akinielekeza kupitia dirishani, mpaka nikamaliza kutandika kitanda.