Wameisafisha Filamu ya Bakari

Jumamosi. Jua kali, upepo wa vumbi. Mikorosho imechanua na mimi sina hamu ya chochote.

Leo nilikwenda Nachingwea kwenye tamasha la filamu fupi. Si la wakubwa. Ni wakulima na mafundi, kila mtu na alichorekodi kwa simu yake. Filamu ya marehemu mume wangu, Bakari, ilikuwamo. Aliirekodi msimu uliopita shambani kwetu Nkowe: mimi nimekaa chini, natenga korosho na mabibo, yale matunda yake.

Tangu afariki sikuifungua. Sauti yake ilikuwa mle, maana akishika simu alikuwa hanyamazi. Nilijiambia nitaisikiliza nikimaliza eda. Nikiwa bado ndani, Asha mwenye studio ya picha, ndiye anayehariri filamu za tamasha, akatuma mtu kuomba kadi ya kumbukumbu ya simu ya Bakari, yenye filamu ile. Nikaitoa kwa moyo mweupe. Bakari alitaka sana watu waione.

Wiki hii nimetoka eda. Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kumsikia.

Nilikwenda na wifi yangu Somoe, dada yake Bakari. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa khanga. Picha yangu ilipotokea ukutani, Somoe alinigusa kwa kiwiko.

"Wifi, kumbe mzuri hivyo? Ndiyo maana kaka alikuwa haishi kuchelewa shamba."

Nikatabasamu. Nikasubiri.

Kikaja kinanda. Kinanda laini, mwanzo hadi mwisho.

"Mbona kaka hasemi?" Somoe aliuliza.

Watu walipopiga makofi nilimfuata Asha nje. Alinishika mikono yote miwili, uso umejaa furaha.

"Umeona ilivyotulia, mama Zuhura? Baba Zuhura alikuwa anaongea kila mahali. Mpiga picha hatakiwi kusikika, nikamtoa."

"Na ile yenyewe, yenye sauti yake, dada?"

"Kadi zilikuwa chache. Nilifuta, tukarekodia nyingine." Hapo akaniangalia vizuri, akaniachia mikono.

Nilimwambia imependeza. Amefanya kama alivyofundishwa. Sina hasira. Afadhali ningekuwa nayo.

Katikati ya filamu kuna mahali nainua uso, natazama simu, nacheka mpaka bibo linaniponyoka. Ukumbi mzima ulicheka nami. Bakari alisema kitu pale.

Nakumbuka alivyozoea kuniambia, "Usiniangalie mimi, angalia kazi." Lakini hilo alilisema kila siku, halichekeshi. Kilikuwa kitu kingine.

Njia nzima ya kurudi nilikitafuta. Somoe anasema nipumzike, kitakuja chenyewe.

Hakitakuja.

Kukicha nitakwenda shambani kufagia chini ya mikorosho, maana kazi haingoji mtu. Lakini alisema nini, hata nikacheka vile?